Kwa Nini Tumbo Halijimeng'enyi

Siku ya mnada, popote kati ya Tarime na Mugumu mkoani Mara, hakukosekani sufuria la supu ya utumbo. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Mbalibali anakaa kwenye benchi, anakula kwa chumvi na pilipili, na kabla jua halijachwa ule utumbo umekwisha kuyeyushwa ndani yake. Nyama iliyokuwa bakulini na nyama iliyoipokea zimejengwa kwa namna moja: ukuta wa misuli, utando laini wa ndani, mishipa ya damu inayopita katikati. Ya bakulini imeyeyuka, yake imebaki nzima. Tumbo la binadamu hutoa tindikali kali, ambayo kipimo chake cha pH hushuka hadi 1 au 2. Pamoja na tindikali hutoka pepsini, kimeng'enya kinachokatakata protini, na protini ndiyo iliyolijenga tumbo lenyewe. Swali lililopo hapa lingeweza kuulizwa na mtoto wa darasa la pili: kwa nini tumbo halijili?

Mwaka 1772 daktari mpasuaji John Hunter alilipeleka swali hilo mbele ya Royal Society mjini London. Alikuwa amepasua maiti za watu waliokufa ghafla, wengine kwa kupigwa, muda mfupi baada ya kula, akakuta tumbo limetoboka na chakula kimemwagikia nje yake. Hapakuwa na ugonjwa wa kuyaeleza matundu yale. Hunter akahitimisha kwamba maji ya kumeng'enya chakula huweza kulila tumbo mara uhai unapotoka, na kwamba mwili ulio hai una nguvu fulani inayoyazuia. Nguvu hiyo hakuweza kuieleza. Sehemu kubwa ya jibu ilikuja kupata jina baada ya zaidi ya miaka 160, na walioligundua walikuwa wakichunguza mambo ya uzazi, mbali kabisa na habari za tumbo.

Mwaka 1930, mjini New York, madaktari Raphael Kurzrok na Charles Lieb waliona kwamba vipande vya misuli ya mji wa mimba, vikimiminiwa shahawa, hujikaza au kulegea. Kitu gani ndani ya shahawa kilikuwa na nguvu hiyo, hawakujua. Miaka michache baadaye Maurice Goldblatt nchini Uingereza na Ulf von Euler nchini Sweden, kila mmoja peke yake, walikuta ndani ya shahawa kitu chenye asili ya mafuta ambacho hukaza misuli na kushusha shinikizo la damu. Von Euler alidhani kinatoka kwenye tezi ya prostati, na mwaka 1935 akakiita prostaglandini. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa hutoka kwenye vifuko vya shahawa vilivyo jirani na tezi hiyo, lakini jina lilikwisha kushika.

Vita vikaja, utafiti ukalala. Mwaka 1945, katika mkutano wa wanasayansi mjini Stockholm, von Euler alimkabidhi kijana Sune Bergström mabaki ya dondoo lake ili alichunguze kikemia. Kazi ilikuwa ya kuchosha, maana kitu chenyewe hupatikana kwa kiasi kidogo mno. Bergström na wenzake walisaga tezi za kondoo kwa wingi, mwaka baada ya mwaka, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 walipopata fuwele safi. Mwaka 1962 yeye, Bengt Samuelsson na wengine walieleza jinsi molekuli hizo zilivyoundwa: mnyororo wa kaboni 20 wenye pete ya kaboni tano katikati. Miaka miwili baadaye Wasweden hao, na David van Dorp huko Uholanzi, walionyesha mahali zinakotoka. Mwili huzitengeneza kutokana na asidi ya arakidoni, mafuta yaliyomo katika utando wa kila seli, nayo asidi hiyo ama huliwa katika nyama na mayai ama huundwa mwilini kutokana na mafuta ya nafaka, mbegu na karanga.

Basi prostaglandini hazikuwa mali ya wanaume wala ya uzazi peke yake. Kila kiungo kilichochunguzwa kilikutwa kinazitengeneza: mapafu, figo, ubongo, mishipa ya damu, na kwa wingi sana utando wa tumbo na utumbo. Pia zilionekana kuwa na tabia ya kipekee. Homoni nyingi hutoka kwenye tezi, zikasafiri ndani ya damu hadi mbali. Prostaglandini hutengenezwa papo hapo zinapohitajika, hufanya kazi kwa seli jirani, kisha huharibiwa. Mwaka 1967 Sérgio Ferreira na John Vane walionyesha kwamba damu ikipita mara moja tu katika mapafu, karibu prostaglandini zote za kundi la E zilizomo hupotea. Ujumbe wa tumbo hubaki tumboni.

Mtu aliyeusikia ujumbe huo kwanza hafahamiki sana nje ya fani yake, nami naona ni dhuluma. Ni André Robert, Mkanada aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya Upjohn huko Kalamazoo, Michigan. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitangaza kwamba mbwa waliopewa prostaglandini ya kundi la E walipunguza kutoa tindikali tumboni. Kisha wakaona kwamba panya waliopewa dawa hiyo hawapati vidonda kirahisi. Hapo wengi wangetosheka na maelezo mepesi, kwamba tindikali ikipungua vidonda hupungua. Robert hakutosheka. Aliwapa panya vitu ambavyo tumbo halipaswi kukutana navyo: pombe kali isiyochanganywa na maji, asidi ya hidrokloriki, hidroksidi ya sodiamu, hata maji yanayochemka. Panya wa kawaida walitoka madonda ya damu ndani ya muda mfupi. Waliotangulia kupewa kiasi kidogo sana cha prostaglandini, kidogo kiasi kwamba tindikali yao haikupungua hata kidogo, walibaki karibu wazima. Makala yake ya mwaka 1979 ilikuwa na maana kwamba tumbo lina ulinzi wake, ulio tofauti na kupunguza tindikali, na prostaglandini ndizo zinazouamuru.

Baadaye Robert aliongeza jambo ambalo hadi leo linanishangaza kuliko yote. Panya waliopewa kwanza pombe hafifu au asidi hafifu walistahimili pombe kali iliyofuata. Mchokoo mdogo uliliamsha tumbo, likatengeneza prostaglandini zake lenyewe, likawa tayari. Ila yeyote anayetafuta hapa ruhusa ya kunywa gongo hataipata. Pombe kali ndiyo iliyowatoa madonda panya wa Robert, na ulinzi ule una kikomo.

Ulinzi wenyewe una sehemu kadhaa. Prostaglandini E2 na prostasaiklini, ndugu yake, huziambia seli za juu zitoe ute mzito unaofunika utando wote. Chini ya ute huo hutoka bikabonati, ambayo huizimisha tindikali kabla haijafika kwenye seli, hivyo juu ya ute pH inaweza kuwa 2 na chini yake ikakaribia 7. Seli zinazotoa tindikali nazo huambiwa zipunguze. Mishipa midogo ya damu hubaki wazi, na damu ndiyo inayoleta oksijeni na bikabonati na kuondoa tindikali iliyopenya. Mwisho, seli zilizokufa hupata haraka seli mpya za kuziba nafasi zao. Utando wa tumbo hujifanya upya katika siku chache, na mkwaruzo mdogo hufunikwa ndani ya saa kadhaa. Damu ya kutosha ndiyo, kwa maoni ya wengi waliochunguza, sehemu isiyoweza kukosekana. Ute ukipungua tumbo hustahimili kwa muda, lakini damu ikikatika seli hufa hata tindikali ikiwa kidogo.

Chini zaidi, katika utumbo mwembamba na mpana, prostaglandini zina kazi nyingine. Hukaza na kulegeza misuli inayosukuma chakula, na huamuru maji na chumvi vimwagwe ndani ya utumbo. Zikizidi, mtu huhara. Katika kipindupindu, ambacho mikoa ya Kanda ya Ziwa imekifahamu kwa uchungu, sumu ya bakteria hufungua mlango wa maji kwa njia yake yenyewe, na prostaglandini zinahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyousaidia kubaki wazi.

Wakati Robert akiwa na mbwa wake, huko London John Vane alikuwa anahangaika na kitendawili kingine. Aspirini ilikuwa imeuzwa tangu mwaka 1899. Mababu zake katika tiba, maganda ya mti wa mwerebi ambayo mchungaji Edward Stone aliyaandikia Royal Society mwaka 1763, yalikuwa ya zamani zaidi. Dunia nzima ilimeza aspirini bila mtu kujua inavyotuliza maumivu. Wala madhara yake hayakuwa siri. Mwaka 1938, katika hospitali ya Guy's mjini London, Douthwaite na Lintott walichungulia matumbo ya wagonjwa kwa darubini ya wakati huo na kuona utando uliochubuka na kuvuja damu pale aspirini ilipogusa. Kila mtu alidhani ni ukali wa kidonge chenyewe, basi wakatengeneza vidonge vya kuyeyuka na vya kufunikwa, na damu ikaendelea kutoka.

Vane na Priscilla Piper walikuwa wameona mwaka 1969 kwamba mapafu ya simbilisi, yakishtuliwa na mzio, hutoa kemikali zinazokaza mishipa, na kwamba aspirini huzizuia. Mwishoni mwa juma moja mwaka 1971, Vane akiwa anaandika makala, wazo lilimjia: huenda aspirini huzuia prostaglandini zisitengenezwe kabisa. Jumatatu alirudi maabara, akasaga mapafu ya simbilisi, akayapa asidi ya arakidoni, akaongeza aspirini. Utengenezaji ulishuka. Makala ilitoka mwezi Juni mwaka huo huo katika jarida la Nature New Biology. Mwaka 1982 Vane, Bergström na Samuelsson waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kugundulika huko kulifunga hesabu mbili kwa mkupuo. Prostaglandini huleta maumivu, joto na uvimbe mahali palipoumia, na hizo hizo hulilinda tumbo. Kimeng'enya kinachozitengeneza, siklooksijenasi, hakijui kama asidi ya arakidoni iliyo mbele yake iko kwenye goti lililovimba au kwenye ukuta wa tumbo. Aspirini, na jamaa zake ibuprofeni, indometasini na diklofenaki, hukizima kote. Ndiyo maana sindano ya diklofenaki, ambayo haipiti tumboni kabisa, inaweza kuleta kidonda cha tumbo sawa na kidonge. Wagonjwa wengi wa kwetu hawajaambiwa jambo hili. Huomba sindano wakiamini wamelinusuru tumbo.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii kwa mlango wake, na mapema kuliko watu wanavyodhani. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtaalamu wa patholojia A. B. Raper alichunguza maiti za watu wa makabila mbalimbali, na mwaka 1958 akachapisha hesabu za vidonda vya tumbo miongoni mwao. Ugonjwa haukugawanyika sawasawa. Watu walioishi chini ya serikali moja, wakatibiwa hospitali moja, walitofautiana katika jambo lililo ndani kabisa ya miili yao. Mulago hiyo hiyo ndiko alikotoka Denis Burkitt, ambaye mwaka 1961 alifunga safari ya gari hadi kusini mwa bara akiwa na madaktari wenzake wawili, wakipiga hodi hospitali moja baada ya nyingine kuulizia uvimbe wa taya kwa watoto. Safari ile iliwafundisha madaktari wa eneo hili kuutazama ugonjwa kama kitu chenye ramani.

Mkoa wa Mara ulikuwa kwenye ramani hiyo. Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika wilaya iliyoitwa North Mara, ambayo leo ni Tarime na Rorya, watoto walipewa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe huo wa taya, uliokuja kuitwa saratani ya Burkitt. Daktari Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, iliyoanzishwa na Wamenoniti katika miaka ya 1930, alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Haihusu tumbo. Nimeileta kwa sababu watu wa upande huu wa ziwa wamezoea kuelezwa kama wapokeaji wa dawa tu, ilhali watoto wao waliwekwa kwenye mizani ya sayansi ya dunia.

Mwaka 1975 daktari mpasuaji Frank Tovey, aliyewahi kutibu kwa miaka mingi kusini mwa India, alichapisha pamoja na Michael Tunstall ramani ya vidonda vya duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kusini mwa Sahara. Vidonda vilikuwa vingi pwani ya Afrika Magharibi, katika nyanda za juu za Ethiopia, kwenye mgongo unaogawa maji ya Nile na Kongo, na kaskazini mwa Tanzania upande wa Kilimanjaro. Katika sehemu nyingi za savana vilikuwa haba. Tovey alitazama vyungu vya watu. Kwenye vidonda vingi alikuta ndizi, muhogo, viazi vikuu na nafaka zilizokobolewa. Kwenye vidonda vichache alikuta mtama, uwele, ulezi, mahindi yasiyokobolewa na kunde. Katika miaka iliyofuata yeye na wenzake waliwapa panya mafuta yaliyochujwa kutoka kwenye vyakula vya maeneo yenye vidonda vichache, na panya wakakingwa. Mwaka 1986 Daniel Hollander na Andrzej Tarnawski walipendekeza kwamba kupungua kwa vidonda katika nchi tajiri kulitokana na watu kula zaidi mafuta ya mimea yenye asidi ya linoleiki, ambayo mwili huigeuza kuwa malighafi ya prostaglandini.

Mpishi wa Mara atakuwa na la kusema hapa. Unga wa ugali wa upande huu mara nyingi ni muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, hivyo chakula ambacho Tovey angekiweka pande mbili za ramani yake kinasongwa kwa mwiko mmoja. Ramani kubwa ya bara haioni jambo dogo kama hilo. Nadharia ya mafuta haikuthibitishwa kikamilifu kwa binadamu, nami sitaki mtu aache dawa akaegemee uji wa ulezi. Lakini Tovey aliuliza kitu ambacho wengine walikiruka: ulinzi wa tumbo una malighafi, na malighafi hiyo hutoka shambani.

Kisha likaja wimbi lililofunika yote. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliotesha bakteria waliowakuta kwenye matumbo ya wagonjwa wa vidonda, wanaoitwa leo Helicobacter pylori. Marshall alimnywa bakteria huyo mwenyewe ili kuthibitisha kwamba analeta ugonjwa. Mwaka 2005 walipewa Nobel. Tangu hapo vidonda vingi hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, na wagonjwa hupona kabisa. Kwa Afrika jibu hilo lilizua swali jipya. Bakteria huyo yuko ndani ya Waafrika wengi tangu utotoni, na bado katika maeneo mengi vidonda vilionekana vichache kuliko ilivyotarajiwa. Chris Holcombe, aliyefanya kazi kaskazini mwa Nigeria, aliliandikia jambo hilo mwaka 1992 katika jarida la Gut, na mabishano hayajaisha. Wapo wanaosema vidonda vilikuwepo ila mashine za kuchungulia tumbo hazikuwepo. Hoja hiyo ina nguvu, maana kwa miaka mingi mtu wa kijijini Serengeti hakuweza kuchunguliwa tumbo bila kusafiri hadi hospitali kubwa ya mbali.

Mbali huko, kwa wengi, ni Bugando. Hospitali hiyo ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Mara. Mwaka 2011 Phillipo Chalya na wenzake walichapisha habari za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji Bugando baada ya kidonda kutoboa ukuta wa tumbo au duodeni. Wengi walikuwa vijana, na wengi walichelewa kufika. Pombe na sigara ndizo zilizotajwa na wagonjwa wengi, na dawa za maumivu zilitajwa na wachache. Upasuaji wenyewe ni ule uliopewa jina la Roscoe Graham wa Toronto, aliyeueleza mwaka 1937: kipande cha pazia la mafuta linalofunika utumbo huvutwa na kushonewa juu ya tundu. Mgonjwa aliyewahi huamka. Aliyekaa na tumbo gumu kwa siku kadhaa, maji ya chakula yakitapakaa ndani, ana nafasi ndogo.

Dawa za maumivu zilitajwa na wachache, lakini hesabu hiyo ni ya waliotoboka na kufikishwa Mwanza. Wapo wanaovuja damu polepole bila kutoboka, wazee hasa. Palizi na mavuno ya Mbalibali huumiza mgongo, na kidonge ni rahisi kupatikana kuliko mapumziko. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, ulileta vijijini wauzaji waliofunzwa, na ni hatua njema isiyopaswa kubezwa. Hata hivyo dawa za kuzima prostaglandini bado hununuliwa kwa vipande vya vidonge vichache, kwa jina la "dawa ya mgongo", zikachanganywa na nyingine ya aina hiyo hiyo iliyotoka kwa jirani. Mtu humeza aspirini asubuhi, diklofenaki jioni, bila kujua kwamba amegonga mlango mmoja mara mbili. Anayepata kinyesi cheusi, au kutapika damu, anapaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Parasetamoli, ambayo haigusi sana prostaglandini za tumbo, ingetosha kwa maumivu mengi ya palizi.

Dunia ya kampuni kubwa ilijaribu kukwepa tatizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifahamika kwamba siklooksijenasi ziko mbili: moja inayofanya kazi kila siku tumboni, na nyingine inayoamshwa na jeraha. Zikatengenezwa dawa za kuizima ya pili peke yake. Matumbo yalipona zaidi, lakini mioyo ilipata hasara, na mojawapo, Vioxx, iliondolewa sokoni tarehe 30 Septemba 2004.

Njia nyingine ilikuwa kumrudishia mgonjwa kile alichonyimwa. Prostaglandini ya asili haifai kumezwa, kwa kuwa huharibika upesi na kuleta kuhara kukali. Mwaka 1973 wakemia wa kampuni ya Searle huko Illinois walihamisha kikundi kimoja cha molekuli kutoka kaboni ya 15 hadi ya 16, wakapata misoprostoli, inayodumu mwilini kuliko ile ya asili. Mwishoni mwa mwaka 1988 Marekani iliiruhusu itumike kuzuia vidonda kwa wanaotumia dawa za maumivu: kidonge kimoja cha mikrogramu 200, mara nne kwa siku. Utafiti mkubwa wa mwaka 1995, wenye wagonjwa 8,843 wa baridi yabisi, ulionyesha kwamba hupunguza madhara makubwa ya tumbo kwa takribani asilimia 40. Kisha dawa za kupunguza tindikali, omeprazoli na wenzake, zilikuja zikiwa rahisi kuvumilika, na misoprostoli ikasogezwa kando katika tiba ya tumbo.

Ila kwenye kifurushi chake palikuwa na onyo kwa wajawazito. Hukaza mji wa mimba, kama Kurzrok na Lieb walivyoona mwaka 1930 katika vipande vyao vya misuli. Kilichokuwa onyo kwa mgonjwa wa tumbo kilikuwa tumaini kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, maana mji wa mimba ukijikaza mishipa hubanwa na damu hukoma. Oksitosini, dawa ya kawaida ya kazi hiyo, inahitaji sindano na ubaridi. Kidonge hiki hakihitaji friji, ila kinapaswa kukaa pakavu.

Huko Kigoma, Ndola Prata, Godfrey Mbaruku na wenzao waliwafundisha wakunga wa jadi kukitumia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Mizani ya damu ilikuwa kanga. Wakati wa uzazi mama alilazwa juu ya kanga, na kanga mbili za kipimo cha kawaida zikilowa damu, mkunga alijua kwamba zaidi ya nusu lita imekwenda. Hapo aliweka vidonge vitano vya misoprostoli kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliiingiza misoprostoli katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kuzuia damu nyingi baada ya kujifungua.

Na katika mkoa wa Mara, wilayani Rorya, Gail Webber wa Kanada na daktari Bwire Chirangi wa Shirati walifanya jaribio la kuwapa wajawazito vidonge hivyo mapema, ili anayezidiwa na uchungu mbali na zahanati awe navyo mkononi. Kipimo cha kuzuia damu ni mikrogramu 600, yaani vidonge vitatu vya ukubwa ule ule uliokusudiwa tumbo, vinavyomezwa pamoja mara mtoto anapotoka, baada ya kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki. Mhudumu wa afya anayeelekeza matumizi yake humwonya mama mambo matatu yanayoweza kumpata ndani ya saa chache: kutetemeka, joto la mwili kupanda, na kuhara. Mama apewe blanketi na maji ya kunywa. Dawa imefika kwenye mji wa mimba, na utumbo nao umeipokea.